Mvinje wa Baba Watoto

Hakuna mtu nyumbani kwetu Mangapwani aliyeomba msonobari. Tulichohitaji ni bati mbili za jikoni, kamba mpya ya ndoo ya kisimani, na fundi wa kuziba ukuta wa uani pale mawe yalipomeguka, mbuzi wa jirani akapata njia. Baba watoto alipanda gari ya Bumbwini asubuhi kwenda mjini kufuata bati. Alasiri alirudi bila bati, amekumbatia kiriba cheusi chenye mche uliomfika kifuani.

“Msonobari,” akasema, akautua katikati ya uani, chini ya waya wa kuanikia nguo.

Mavyaa yangu alikuwa mkekani akichambua mchele. Aliutazama mti, kisha akamtazama mwanawe.

“Mwanangu, umekwenda mjini ukanunua mvinje?”

“Si mvinje, mama. Kibao cha kitaluni kimeandikwa paini.”

“Kibao hakijui miti. Mie nimezaliwa chini ya mivinje.”

Maneno hayo machache yalitutia kwenye mgogoro wa kaskazi nzima. Kijijini kwetu mtoto yeyote akishuka pwani hurudi na vitunda vya mvinje vyenye miba mfukoni. Pesa za bati kutumika kwa mti huo huo lilikuwa jambo zito, na wifi yangu, ambaye jiko lilikuwa likimvujia yeye, hakulificha.

Lakini mume wangu nilimwelewa. Kwa muda mrefu alikuwa akisoma kila alichokipata kuhusu bonsai. Bonsai si aina ya mti kibete. Ni mti wa kawaida, wa mbegu ile ile inayootesha mti wa msituni, unaowekwa katika chombo kidogo na kukatwa mizizi na matawi kwa mpango, mpaka ubaki mfupi huku sura yake ikizeeka. Wachina ndio walioianza sanaa hii, Wajapani wakaichukua na kuikuza, na miongoni mwa miti ya Wajapani msonobari unaheshimiwa mno.

Kisa kilichomteka ni cha msonobari mmoja wa Hiroshima. Mti huo ulianza kutunzwa chomboni mwaka 1625, na ukoo wa Yamaki ukaulea kizazi baada ya kizazi. Tarehe 6 Agosti 1945, bomu la atomiki lilipoangushwa, ulikuwa nyuma ya ukuta wa kitalu cha ukoo huo, kiasi cha kilomita 3 kutoka lilipolipukia, ukasalimika. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa zawadi kwa watu wa Marekani, na mpaka leo unatunzwa Washington. Jioni ile ile ya kiriba alitusimulia habari hiyo tukiwa barazani, na Mavyaa alisikiliza mpaka mwisho.

“Walioupanda wamekufa wote?”

“Wote, mama.”

“Na mti upo?”

“Upo.”

“Basi huo ni wakfu,” akasema.

Sijasikia mtu akiieleza bonsai vizuri zaidi ya hapo. Anayeuanzisha mti hataufikia uzee wake, anayeupokea hana ruhusa ya kuupoteza, na kazi ya kila mmoja ni kuukabidhi kwa mwengine ukiwa hai. Mtu mwenye nia ya namna hiyo moyoni, hata akisahau bati, nia yenyewe ni njema.

Shida ilikuwa kwamba mti hautunziki kwa jina la mti mwengine.

Baba watoto aliushika mche wake kwa masharti ya msonobari. Msonobari haupendi mizizi yake kukaa majini, basi akawa anaumwagilia kwa kikombe cha kahawa, na siku nyengine anaupitisha bila maji ili udongo ukauke kwanza. Msonobari haukatwi ovyo, kwa kuwa tawi lake likibaki bila sindano hata moja aghalabu hufa, basi hakuthubutu kugusa ncha. Mizizi ya msonobari huishi pamoja na ukungu mweupe udongoni ambao haufai kuoshwa, basi alipoutoa kwenye kiriba na kuutia ndooni aliuhamisha na donge lake lote. Masharti hayo yote ni sahihi, mti ukiwa msonobari. Huu wetu ulikuwa na kiu. Jua la Januari likaupiga, ncha zikawa manjano, zikawa kahawia, kisha zikaanza kudondoka vipande vipande.

Mavyaa hakuweza kuvumilia. Kila akimaliza sala ya Alfajiri alitoka na bakuli la maji ya kuoshea mchele, akayamimina ndooni kimya kimya. Mti ukaanza kurudisha rangi. Baba watoto naye akaanza kuukuta udongo umerowa, akawashuku watoto, watoto wakalia, wifi akawatetea, na nyumba nzima ikawa inagombana kwa sababu ya maji ambayo hakuna aliyekiri kuyamwaga. Hatimaye Mavyaa alisema mwenyewe.

“Maji natia mie. Kiumbe kikililia maji mbele yangu siwezi kunyamaza.”

Mwanawe hakumjibu. Mama hajibiwi. Lakini siku iliyofuata aliupandisha mti juu ya paa la jiko, mahali ambapo Mavyaa asingeweza kuufikia.

Paa hilo ni lile lile lililokuwa likisubiri bati mpya. Saa za magharibi wifi alikuwa ndani akikuna nazi, mchuzi wa pweza uko jikoni, tukasikia mlio wa bati kuchanika. Ndoo ilishuka na mti wake, ikapiga ukingo wa meko, ikapasuka. Mchuzi ukajaa udongo, moto ukazimika, wifi akatoka mbio na mbuzi ya kukunia nazi mkononi. Namshukuru Mungu hakuumia mtu. Mti ulikuwa umelala juu ya majivu, mizizi nje.

Usiku ule, baada ya Isha, Ami wa mume wangu aliitwa kuja kuamua. Ami amefanya kazi ya misitu mpaka alipostaafu, na katika familia neno lake kuhusu miti halipingwi. Aliomba taa, akakaa kwenye kibao, akauweka mti mapajani.

Alichuma uzi mmoja wa kijani, akaubana kwa kucha pande mbili na kuuvuta taratibu. Haukukatika. Ulichomoka: kipande kimoja kilitoka ndani ya kipande kingine, na pale kilipotoka pakabaki duara la meno madogo, membamba, yaliyopauka kwenye ncha. Alimpa mwanangu mkubwa, mwenye macho mazima kuliko sote, ayahesabu. Mtoto akausogeza uzi karibu na taa, akahesabu saba.

“Hayo meno ndiyo majani yake,” Ami akasema. “Huu uzi mnaouita sindano ni kitawi.”

Kisha akatueleza namna msonobari unavyotambulikana. Sindano zake hutoka kwa mafungu, zimeshikwa pamoja chini na ganda jembamba. Msonobari mweusi wa Japani huwa na mbili kila fungu. Ule mweupe, ambao ndio wa ukoo wa Yamaki, una tano. Paini yenye asili ya Mexico, inayojaza msitu wa Sao Hill kule Mufindi, aghalabu ina tatu, ndefu, zinazoning'inia. Na paini ya Karibi, inayostahimili joto la nchi za chini, nayo kwa kawaida ina tatu. Sindano ya msonobari haina viungo, na ukiivunja hutoa harufu ya utomvu. Kusini ya Sahara hakuna msonobari wa asili hata mmoja. Yote tunayoiona imeletwa na kupandwa.

Mvinje hauna undugu wa karibu na msonobari. Ni mti wa maua, asili yake ni pwani za Asia ya Kusini-Mashariki, Australia na visiwa vya Pasifiki, na wataalamu huuweka karibu na mialoni. Wameupa jina la Casuarina equisetifolia. Ami aliinua mizizi iliyobaki wazi, akatuonyesha vinundu vya kahawia vilivyogandana. Ndani ya vinundu hivyo huishi bakteria waitwao Frankia, wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mti. Ndiyo sababu mvinje huota kwenye mchanga mtupu ambao miti mingine huukataa.

Baba watoto alikaa kimya. Mwisho akasema kwa sauti ya chini kwamba basi amedanganywa.

“Umeuziwa jina,” Ami akamjibu. “Mti wenyewe hauna kosa. Tena kwa hapa petu ni bora kuliko ulioutaka.”

Akamkumbusha Bamburi, Mombasa. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye mashimo ya kiwanda cha saruji, mahali palipobaki mwamba mtupu wa matumbawe. Alijaribu aina 26 za miti, zikasalimika tatu tu, mvinje ukiwa mmojawapo. Vijiti vyake vikavu vilirundikana bila kuoza mpaka walipoletwa majongoo, wakavila na kuvigeuza udongo, na juu ya udongo huo miti mingine ikapata pa kuanzia. Leo mahali hapo panaitwa Haller Park. Na kuhusu bonsai, Indonesia na Taiwan mivinje hutunzwa chomboni na kuthaminiwa sana, hasa ile ya kisiwa cha Madura. Mume wangu alikuwa ameziona picha zake mara nyingi akidhani ni misonobari.

Tangu usiku ule masharti yakabadilika. Ardhi yetu ya Mangapwani ni uwanda, mawe ya matumbawe ya kale yenye udongo kidogo juu. Msonobari ukitiwa kwenye kokoto za matumbawe aghalabu huwa manjano, kwa sababu chokaa huuzuia kupata madini ya chuma. Mvinje huzizoea. Kwa hiyo tulichanganya kichanga, kokoto ndogo zilizochekechwa na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Ami akaagiza tuchukue konzi ya udongo kutoka chini ya mvinje mkubwa wa pwani tuchanganye humo, ili wale bakteria wa vinundu wasikosekane. Mti ukawekwa kwenye beseni pana la zamani lililotobolewa matundu, juani kutwa, na ukapata maji asubuhi na jioni. Aliyepewa kazi ya maji ni Mavyaa, kwa idhini ya mwanawe, mbele ya watu.

Masika yalipoingia mti ulishika. Mvinje mchanga wenye raha huenda mbio, ardhini huweza kupanda mita 2 kwa mwaka au zaidi, na wetu ulirefuka mpaka ukapita ukuta. Hapo ikaja kazi ambayo baba watoto aliiogopa. Shina la bonsai linatakiwa lianze nene chini na kupungua kadiri linavyopanda. Namna ya kulipata ni kulikata shina refu, kuchagua chipukizi moja la chini liwe kilele kipya, kuliacha linenepe, kisha kulikata tena. Mkasi ulikuwa tayari, Ami alikuwa ameshaonyesha mahali, lakini kila siku mume wangu alisema kesho.

Mbuzi wa jirani hakungoja kesho. Alipita pale ukuta ulipomeguka wakati sote tumekwenda maulidini, na tuliporudi mti ulikuwa umebaki usawa wa goti, na kilele hakipo. Baba watoto alisimama mbele ya beseni muda mrefu. Nilimhurumia kwa dhati, maana nilijua kiasi gani ameupenda. Mavyaa akaenda akasimama karibu naye.

“Pango la maji matamu la hapa petu, wazee wanasema kijana mtumwa alilipata akimtafuta mbuzi wake,” akamwambia. “Mbuzi akishaonyesha mahali, wewe shukuru.”

Na kweli, mahali penyewe palikuwa chini kidogo tu ya alama ya Ami. Yalibaki matawi ya chini yenye kijani, na hilo ndilo lililouokoa. Mvinje mchanga wenye mizizi mizuri na kijani kidogo huchipua upya hata kwenye shina lililokwisha kuwa gumu, jambo ambalo msonobari aghalabu hauwezi. Mti mkubwa uliokatwa ukabaki kisiki si wa kutegemewa hivyo. Haukupita muda mrefu machipukizi yakatoka shinani pande zote. Ami akachagua moja la kuwa kilele, akabakisha mengine machache ya kunenepesha shina, akayakata yaliyozidi.

Chipukizi lile lilihitaji kupindishwa, na kupindisha kunataka waya. Waya mzuri ni wa shaba uliochomwa motoni mpaka ukawaka wekundu, kisha ukaachwa upoe. Ukitoka hapo huwa laini mkononi, na ukishazungushwa kwenye tawi hukaza na kulishika. Unene wake uwe kiasi cha thuluthi ya tawi, na uzungushwe kwa mshazari wa nyuzi 45, usibane wala usilegee. Baba watoto aliyajua yote hayo. Waya wa shaba uliokuwepo nyumbani ni ule tuliokuwa tukianikia nguo, mabaki ya siku fundi alipotia umeme. Aliufungua, na mahali pake akafunga kamba kuukuu ya ndoo ya kisimani.

Ilikuwa mkesha wa Idi. Kanzu za wanaume, mashuka na magauni ya watoto yote yalikuwa juu. Kamba ilikatika ghafla, nguo zikaanguka kwenye vumbi na majivu ambayo wifi alikuwa hajayazoa. Hakuna aliyepiga kelele. Mavyaa alileta beseni na sabuni, akaviweka mbele ya mwanawe, akamwambia, “Fua, mwanangu. Idi ni kesho.” Alifua mpaka usiku wa manane, nami nikamsuzia, na asubuhi tulikwenda kuswali na kanzu zenye unyevu.

Baada ya Idi bati zilinunuliwa. Kamba ilinunuliwa. Fundi alikuja na chokaa na mawe, ukuta ukazibwa. Mti ule ulilazimisha kila jambo lililoahirishwa nyumbani kwetu lifanyike, na wifi yangu, ambaye hapo mwanzo hakutaka kuuona, sasa ndiye anayeukagua waya. Mvinje hunenepa upesi, na wakati wa mvua waya usiolegezwa huingia kwenye ganda na kuacha kovu. Yeye huupitia kila wiki kwa ncha ya kidole, na akihisi umeanza kuuma humwita kaka yake aukate kwa koleo. Waya haufunguliwi kwa kuzungushwa, hukatwa vipande, ili tawi lisivunjike.

Masika kadhaa yamepita tangu hapo. Kila masika, hewa ikiwa na unyevu, mti hutolewa, mizizi mirefu inayozunguka hupunguzwa kiasi cha thuluthi, vinundu huachwa. Shina sasa limenenepa chini, ganda limeanza kupasuka na kuwa na mikunjo, na kilele kimeinama upande mmoja kama mivinje yote inayopigwa na kusi. Mwaka jana Ami alisema umefikia kupata chombo chake. Tulijadili tununue wapi. Mavyaa alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kikaango chake cha udongo cha kupikia mikate ya ufuta, chenye ufa mdogo ukingoni.

“Hiki kimekwisha kazi ya mkate,” akasema. “Kitoboeni.”

Baba watoto alikitoboa matundu matatu chini kwa msumari na subira nyingi, akafunika matundu kwa vipande vya wavu, akaufunga mti kwa waya ili upepo usiung'oe. Ufa haukuongezeka. Mti umekaa humo mpaka sasa, barazani, na wageni wanaopita huuliza ni mti gani. Mume wangu huwajibu bila kusita kwamba ni mvinje.

Nawe msomaji, ukiutamani mti wa chombo, anza kwa kuujua. Kitaluni usisome kibao peke yake. Vuta uzi mmoja: ukichomoka kwenye kiungo, ni mvinje, ukitoka kwa mafungu ya sindano yenye harufu ya utomvu, ni msonobari, na huo utakufaa zaidi ukiwa unaishi Mufindi au Lushoto kuliko pwani. Ikiwa unaishi pwani, chukua mvinje. Ununue mche wa kitaluni, usiung'oe ule wa ufukweni, kwa kuwa ule una kazi ya kushika mchanga. Upe jua la kutwa na maji mengi. Na mapema, kabla haujazeeka, mfundishe mtoto mmoja wa nyumbani kuutunza, kwa sababu yeye ndiye atakayeupokea.